Moshi Uliofunzwa Adabu

Wiski ya Uskoti yenye moshi haianzi kinywani. Mimina kidogo kwenye bilauri yenye mdomo mwembamba, isogeze puani, fumbua midomo kidogo, ungoje. Kwanza huja jivu la jiko lililozimwa usiku, halafu chumvi ya pwani, na nyuma yake, ukiwa na subira, tofaa lililoiva. Aliyewahi kunywa maji ya mtungi uliofukizwa ubani anajua tayari kwamba moshi unaweza kunyweka.

Moshi huu hutoka ardhini. Kisiwani Islay, mimea ya vinamasi imeoza nusunusu na kushindiliana kwa maelfu ya miaka ikawa mboji. Hukatwa vipande mithili ya matofali, hukaushwa kwa upepo, kisha huchomwa chini ya shayiri iliyoanza kuchipua. Shayiri ingali na unyevu, moshi huganda kwenye maganda yake. Ikishakauka, haunasi tena. Kimea cha kiwanda cha Ardbeg hufika takriban sehemu 50 kwa milioni za fenoli, kemikali zibebazo harufu ya moshi. Nyingi hupotea katika kuchachusha na kukeneka, lakini zinazosalia zinatosha kufunika kila kilicho kando yake.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mchanganyaji wa wiski. Kutengeneza moshi mkali ni kazi, ila kuutuliza bila kuuua ni kazi kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1860 iliporuhusu wiski ya kimea na ya nafaka kuchanganywa ghalani kabla ya kodi kulipwa, mafundi kama Andrew Usher wa Edinburgh walipata uwanja mpana. Wiski ya nafaka, nyepesi, itokayo kwenye mtambo wa mnara ambao Aeneas Coffey aliupatia hataza mwaka 1830, hudharauliwa na wengi. Mimi naiheshimu. Huubeba moshi kama wali ubebavyo mchuzi.

Na fundi mwenyewe hanywi siku nzima. Huongeza maji mpaka kilevi kishuke karibu asilimia 20, kisha hunusa, sampuli baada ya sampuli. Hakuna mapipa mawili ya mwaloni yanayozeesha wiski sawasawa, ilhali chupa ya mwaka huu lazima ifanane na ya mwaka jana. Kumbukumbu yote hiyo imo puani mwake.

Katika wiski ya Johnnie Walker Double Black nauona mkono huo. Moshi unatangulia, vanila na zabibu kavu zinaufuata bila kusukumana. Matone mawili ya maji, na utamu uliokuwa umejificha unajitokeza. Sishauri barafu, baridi huibana harufu, na harufu ndiyo tuliyoijia.

Usiioshe bilauri usiku huo. Asubuhi, ikiwa imekauka kabisa, inuse tena: kilevi kimekwenda zake, tofaa halipo, na kinamasi cha Islay bado kinafuka.