Spider-Man Akifika Kivaa

Ukimlipa mchoraji pale Naiccon, Nairobi, akuchoree Spider-Man vilevile alivyo kwenye bango la sinema, umenunua nini haswa? Bango lipo tayari. Unachomlipa msanii ni jicho lake, na oda kama hiyo inalifumba.

Mimi nilimwambia mmoja: nichoree huyo jamaa akiwa kwetu Kivaa. Akacheka, kisha akanyamaza. Tangu Steve Ditko amchore 1962, Spider-Man amekuwa mtu wa maghorofa ya New York. Kwetu ataning'inia wapi, kwa migunga? Kwa ukuta wa bwawa la Masinga?

Akamweka nyuma ya boda, magoti juu, kinyago kimejaa vumbi, amepakata mtungi wa maji. Mikono ilimshinda kidogo, kusema kweli. Lakini ule mgongo uliopinda una uchovu ambao filamu zote hazijanionyesha.

Na si lazima shujaa atoke Marekani. Boyie wa Shujaaz, tangu 2010, hana joho wala misuli. Redio ya siri chumbani ilimtosha. Kwenye zile meza, bado sijasikia mtu akimwagiza.