Je, Zilikuwa Jazz? Neno juu ya Bendi za Zamani

Siku za arusi hapa Mnyuzi, ibada ikiisha na wageni wakiisha kula, husikika nyimbo za zamani: za Atomic Jazz ya Tanga, za Jamhuri Jazz, za Morogoro Jazz, na za bendi nyingine nyingi zenye jina hilo. Katika arusi moja ya karibuni yalizuka mabishano, nasi tulikuwapo. Mwalimu kijana alisema kwamba bendi hizo zote zilijipa jina lisilo lao, maana yeye ameisikiliza jazz ya Marekani, nayo haifanani na nyimbo hizi. Mwalimu mstaafu akamjibu, "Mwanangu, sisi tuliicheza jazz kabla baba yako hajaoa. Leo wataka kutufundisha jina lake?" Wa tatu, mzee wa kanisa, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Iwe ya Marekani, iwe ya Tanga, jazz ni jazz. Na kwa sababu hiyo magitaa ya kwaya yetu yafaa yatolewe kanisani, kwa kuwa ndiyo wanayoipiga."

Hapo mabishano yaliacha kuwa ya mchezo. Vijana wa kwaya walichanga fedha zao miaka miwili kuyanunua magitaa yale, na shauri la mzee litaletwa mbele ya baraza. Kwa hiyo twaona yatupasa kulipima jambo hili taratibu, tusije tukahukumu kitu kwa sababu ya jina lake tu. Na tuanze na swali la kijana: je, bendi hizo zilikuwa jazz au hazikuwa?

Jazz yenyewe ilizaliwa katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, karibu na mwanzo wa karne ya 20, miongoni mwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa. Walitwaa tarumbeta, klarineti na ngoma za bendi za gwaride, wakatia ndani yake furaha na uchungu wa nyimbo zao wenyewe, zile za kazi na zile za kanisani. Santuri ya kwanza yenye jina hilo ilitolewa mwaka 1917, nayo, ajabu, ilipigwa na bendi ya Wazungu. Mabingwa waliokuja kujulikana ulimwenguni ni kama Louis Armstrong, aliyefariki mwaka 1971, na Duke Ellington, aliyefariki mwaka 1974.

Atakaye kuitambua jazz hiyo na atazame alama tatu. Ya kwanza, mpigaji hutunga papo hapo: huutwaa wimbo ujulikanao na wote, akaugeuza na kuuzungusha apendavyo, wala kesho hataupiga kama alivyoupiga leo. Ya pili, mapigo yake huyumba kidogo, kama mtu atembeaye kwa maringo. Ya tatu, damu yake ni zile nyimbo za majonzi ziitwazo bluzi. Tukizishika alama hizi tatu kama mizani, mwalimu kijana ana haki kwa sehemu kubwa.

Lakini haki yake haijatimia, maana hakuuliza jina lilifikaje kwetu. Kabla ya dansi palikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za askari, ikaenea pwani na bara, na vyama vyake vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Hapo Tanga, zamani za Wajerumani, shule ya serikali ilikuwa na bendi ya wanafunzi wapigao matarumbeta. Watu wetu, basi, walikuwa wamekwisha kuvizoea vyombo vya kigeni kabla neno jazz halijasikika hapa. Miaka ya 1930 vijana wa mijini wakaanza kucheza dansi ukumbini, na vyama vyao vikawa bendi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Atomic Jazz mwaka 1954. Huko Kongo nako Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na O.K. Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956.

Je, watu hawa wote walidhani wapiga muziki wa New Orleans? Hasha. Santuri zilizowafunza zaidi zilikuwa za Kuba, zile ambazo tangu mwaka 1933 ziliuzwa Afrika zikiwa na herufi G.V. Humo walisikia rumba, wakaitambua kama mtu atambuavyo sauti ya ndugu aliyepotea, kwa kuwa wengi wa Wakuba waliozianzisha ngoma hizo asili yao ilikuwa Afrika. Neno jazz kwao lilikuwa na maana nyingine: hii si ngoma ya kiwanjani, hii ni bendi ya vyombo vipya, na watu wake wamevaa suti.

Wala si ajabu neno kuhama maana likihama nchi. Tazameni neno letu kwaya. Kwa Waingereza walioleta neno hilo lilikuwa jina la waimbaji wa kanisani waimbao nyimbo zilizokwisha kuandikwa. Kwetu kwaya hutunga nyimbo zake yenyewe, huzitembeza kwa miguu na mikono, husafiri, hushindana na kwaya nyingine. Hakuna amwambiaye mwanakwaya wa Mnyuzi kwamba amejidanganya kwa kujiita hivyo. Basi haki tumpayo mwanakwaya tusimnyime mpiga gitaa.

Tukiisha kusema hayo, tuzipime bendi zenyewe, maana hazilingani.

Iliyokuwa kweli kuliko zote katika jina lake ni Cuban Marimba ya Morogoro, ya Salum Abdallah, iliyoanza mwaka 1948. Haikujiita jazz, ilitaja wazi chemchemi iliyonywea, yaani Kuba. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na hata leo nyimbo zake zaonyesha mtu aliyeijua rumba barabara, tena akaijaza Kiswahili kisichojikwaa. Hapa hatuna shaka: si jazz, wala haikudai kuwa jazz.

Atomic Jazz ya Tanga, bendi ya Stephen Hiza na John Kijiko, ilijiita jazz, lakini kwa mizani yetu haimo. Uzuri wake ni mwingine. Magitaa yake husemezana kama wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, huyu akiinua mchi, huyu akishusha, wala haigongani hata mara moja. Hakuna apotezaye njia kwa kutunga papo hapo. Kila mtu ana zamu yake, naye huishika. Wimbo wao "Tanzania Yetu" ni mfano mwema. Mwenye kuutafutia jazz atarudi mikono mitupu, na mwenye kutafuta utulivu atashiba.

Jamhuri Jazz, nayo ya Tanga, yatia shaka kidogo. Mpiga gitaa wake Harrison Siwale alipewa jina la Satchmo, na hilo ndilo jina la utani la Louis Armstrong mwenyewe. Kumbe walimsikia, walimpenda, walijua jazz ni ya nani! Hata hivyo ukiisikiliza bendi yenyewe, mapigo ni ya rumba na ya kwetu. Walimheshimu bingwa bila kumwiga, na sisi twaona hiyo ni heshima iliyo bora, maana mwigaji humheshimu mtu kwa kuiba koti lake.

Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ndiyo ikaribiayo zaidi. Mbaraka, aliyeiacha bendi hiyo mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, alikuwa na gitaa lisilokubali kukaa kimya nyuma ya mwimbaji. Maneno yakiisha, gitaa hushika usemi, likauliza, likajijibu, likaenda mbali hata msikilizaji akadhani limepotea, kisha likarudi nyumbani kwa wakati wake. Ile alama ya kwanza, basi, twaiona kwake. Ya pili na ya tatu hatuzioni. Kama mtu akisema kwamba Mbaraka ni binamu wa jazz, hatutabishana naye. Akisema ni mwana wa nyumba ile, tutamwomba asikilize tena.

Ya mwisho ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, nayo kwetu ndiyo yenye fundisho kubwa. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na mwisho ikaitwa Msondo Ngoma. Msondo lilikuwa jina la mtindo wake, nalo limetoka katika ngoma za kwetu. Neno jazz, lililopokewa kwa fahari, limechakaa kama kanzu ikadondoka; neno la ngoma, lililoonwa la kishamba, ndilo lililobaki. Nayo Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilijulikana zaidi kwa jina la mtindo wake, Sikinde, ambalo ni jina la ngoma ya Wazaramo.

Hapa ndipo tulipouona ufunguo wa mabishano yote. Wapigaji wenyewe hawakujipambanua kwa neno jazz hata siku moja, maana karibu wote walikuwa nalo. Walijipambanua kwa mtindo. Western Jazz walikuwa na saboso, Tabora Jazz segere matata, NUTA msondo. Mpenzi wa dansi alizijua bendi kwa mitindo hiyo kama mkulima ajuavyo mbegu zake. Jazz lilikuwa kama jina la ukoo. Mtindo ndio uliokuwa jina la mtu. Mwalimu kijana amekosea kwa kuwa alilipima jina la ukoo kana kwamba ni sifa ya mtu. Mwalimu mstaafu naye amekosea kwa kudhani kuwa wote wenye jina moja ni ndugu wa tumbo moja. Jibu letu ni hili: hazikuwa jazz ya Marekani, walakini zilitenda tendo lile lile la watu wa New Orleans, yaani kutwaa vyombo vya wageni na kuvisemesha lugha ya nyumbani. Mafundi wawili wakifanya kazi moja hawawi mtu mmoja. Lakini waweza kuamkiana.

Sasa tumgeukie mzee wetu wa kanisa, kwa adabu impasayo. Hofu yake haikutoka hewani. Dansi lilipigwa penye pombe, na nyumba zaidi ya moja zilibomoka kwa sababu ya usiku wa dansi. Hilo hatulikanushi. Lakini hoja yake imesimama juu ya jina, na jina hilo tumeona kwamba halisemi wimbo una mapigo gani, wala una maneno gani. Tena, kama chombo chachafuka kwa mahali kilipopigwa, basi hata kinanda cha kanisa hakitapona, kwa maana zamani za Warumi kinanda cha namna hiyo kilipigwa katika viwanja vya michezo ambamo watu waliuana. Kanisa lilikaa miaka mingi kabla ya kukipokea, na leo twakiona kana kwamba kilishuka pamoja na malaika. Na Zaburi ya 150, inapotaja vyombo vya kumsifu Mungu, haiachi nje vya nyuzi.

Ushahidi wa karibu zaidi ni mtu mmoja. Cosmas Thobias Chidumule alikuwa mwimbaji wa Mlimani Park, na wimbo "Neema" ulimpa sifa nchi nzima. Baadaye aliacha dansi akawa mwimbaji wa Injili. Koo ni lile lile, sauti ni ile ile. Kilichogeuka ni moyo na maneno. Bwana wetu alitufundisha kuujua mti kwa matunda yake, wala si kwa kibao kilichopigiliwa shinani.

Walakini kwaya nayo isishangilie upesi, maana tuna neno nayo pia. Katika nyimbo za dansi, sehemu ya mwisho huitwa chemko: mapigo huharakishwa, maneno hupungua, watu husimama kucheza. Ukumbini jambo hilo lafaa. Lakini tumesikia nyimbo za kwaya ambazo aya moja ya Maandiko huimbwa upesi upesi kama deni lisilopendwa kulipwa, kisha chemko hufuata kwa dakika nyingi, hata mama aliyetoka mbali kuja kusikia neno hurudi na vumbi tu. Hilo ndilo la kukataza, wala si gitaa. Na wakitaka kujifunza, wamsikilize Hiza na wenzake wa Tanga: gitaa linajua kungoja mpaka mwimbaji amalize kusema.

Sisi watu wa Mnyuzi tungepaswa kuyajua haya kuliko wengine. Tangu mwaka 1963 reli itokayo Ruvu huungana hapa kwetu na ile ya Tanga, na mabehewa ya pande nyingi yamepita machoni petu. Kila mtoto wa stesheni ajua kwamba maandishi ya ubavuni hayasemi mzigo ulio ndani. Atakaye kujua hufungua mlango.

Basi twaliomba baraza, kabla ya kutoa hukumu, liwaite vijana na magitaa yao, liwape nyimbo tatu, na kila mzee asikilize kwa masikio yake, akiuliza mambo mawili tu: je, maneno yasikika, na je, yanafaa? Wimbo ukishindwa, na uondolewe. Ukishinda, mlango uachwe wazi, hata kama mpigaji alijifunza vidole vyake kwa Satchmo wa Tanga.