Herufi Zionekanazo Zisizotafutika: Tahakiki ya Fonti katika PDF

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini. Huenda ndiyo sababu sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelipuuza suala la fonti. Lakini huko Ndosho, mjini Goma, Kiswahili huishi pamoja na Kinande, lugha ambayo baadhi ya wanaisimu huziandika irabu zake mbili hivi: i̧ na u̧. Unicode haina namba moja kwa herufi hizi. Kila moja huundwa kwa irabu na alama ya chini. Programu kadhaa za kutengeneza PDF hutegemea fonti 14 za msingi, ambazo hazina alama hiyo ya kuambatishwa.

Tiba inayosifiwa ni kuongeza fonti nyingine, kama vile Andika ya SIL, na kuipachika ndani ya faili. Hiyo ni nusu ya tiba. Pasipo jedwali la kufungamanisha kila umbo na namba zake za Unicode, neno litachapwa vizuri, lakini msomaji akilitafuta katika faili hatalipata. Tasnifu ya namna hiyo ni picha ya lugha, si hazina yake. Kabla ya kuipokea, msimamizi anapaswa kunakili neno moja na kulibandika kwingine. Likiharibika, kazi haijakamilika.