Kuosha Gari Nyumbani: Adui ni Msuguano

Vumbi peke yake haliikwaruzi rangi ya gari. Likitua kavu juu ya boneti na kukaa wiki nzima bila kuguswa, kisha likaondolewa kwa maji, rangi itabaki kama ilivyokuwa. Anayeiharibu ni yule anayekuja asubuhi na fulana kuukuu begani, akalipangusa likiwa bado kavu. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi yoyote. Kitambaa kikipita juu yake kinageuka msasa.

Ushahidi upo kwenye kila gari la rangi iliyokoza. Liegeshe juani, tafuta sehemu ya mlango inayoakisi jua, utaona mikwaruzo myembamba imelizunguka lile jua duara baada ya duara. Kwa kweli mikwaruzo hiyo haijakaa kiduara. Imeelekea kila upande, ila macho yanaona ile tu iliyokaa mkingamo wa mwanga, ndiyo maana duara linakufuata popote unaposogea. Karibu yote imetokana na kuoshwa na kufutwa.

Umuhimu wa jambo hili utaonekana ukijua unene wa kinachokwaruzwa. Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka nne: ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani huwekwa kwa kuzamisha bodi nzima kwenye bwawa lenye umeme, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi wa rangi huiita klia. Zote kwa pamoja huwa na unene wa kati ya mikroni 100 na 150, na klia peke yake mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Mng'ao wote wa gari uko ndani ya hiyo klia, na humo ndimo vilimo viambato vinavyozuia miale ya urujuanimno isiipaushe rangi iliyo chini. Ikiisha, hakuna sabuni wala nta itakayoirudisha. Itabidi gari lipakwe upya.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanywa na jirani yangu wa Kigamboni, fundi umeme mstaafu, kwenye Toyota Premio yake ya bluu iliyokoza. Mazingira yake ni magumu kwa rangi: upepo wa bahari wenye chumvi, njia ya mchanga hadi getini, na mwembe uliojaa kunguru. Kisima chake nacho kina maji ya chumvichumvi. Alianza mapema, jua halijapanda, gari likiwa kivulini na bodi imepoa. Saa si jambo dogo hapa. Juu ya bati la moto sabuni hukauka kabla haijasuuzwa, na dawa yoyote hufanya kazi kwa ukali usiotakiwa.

Alianza na magurudumu, nami naunga mkono. Magurudumu ndiyo machafu kuliko yote, na ukiyaacha mwisho utarushia uchafu wake kwenye milango uliyokwisha kuisafisha. Uchafu wa rimu si vumbi la kawaida. Kila unapokanyaga breki, padi husaga diski ya chuma, na chembe za chuma huruka zikiwa na moto. Zinatua kwenye rimu, zinajichomeka kwenye vanishi yake, kisha unyevu na chumvi vinazigeuza kutu. Ndiyo yale madoa ya kahawia yasiyotoka kwa brashi. Rimu za mbele huathirika zaidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi.

Aliosha kwanza kwa shampuu ya gari na brashi laini, akasuuza, ndipo akapulizia dawa ya kuyeyusha chuma. Dawa hii huwa na chumvi za asidi ya thioglikoliki, jamii ileile ya kemikali zinazotumika saluni kulegeza nywele ili zitiwe mawimbi, na harufu yake kali inafanana. Ikigusana na chembe za chuma hugeuka zambarau. Baada ya dakika chache rimu ya mbele kushoto ilianza kutiririsha michirizi ya zambarau kutoka kwenye nati hadi ukingoni, mahali ambapo jicho lilikuwa limeona usafi. Alivaa glavu, hakuiacha ikauke, akasuuza kwa maji mengi. Hakusugua. Kemikali ilifanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa kwa stiliwaya.

Wapo wanaotumia dawa ya choo kupata weupe wa haraka. Nyingi ya dawa hizo zina asidi ya hidrokloriki, nayo hula aluminiamu. Rimu itang'aa siku hiyo, halafu vanishi yake itaanza kubabuka na chuma chake kupauka.

Matairi aliyapiga brashi kwa shampuu mpaka povu likatoka jeupe badala ya kahawia, akayapaka kiasi kidogo cha dawa ya matairi yenye asili ya maji, ubavuni tu, si sehemu inayogusa barabara. Dizeli, ambayo vijana wengi wa kuosha magari huipenda kwa kutia weusi, hakuikaribisha. Mpira hunyonya mafuta ya petroli, ukavimba na kulegea. Isitoshe, tairi hutengenezwa likiwa na nta na viambato vyake vya kujikinga na hewa, ambavyo huchomoza taratibu juu ya mpira; dizeli huviosha.

Baada ya hapo ikaja bodi, na hapa ndipo kazi ilipopimwa. Kanuni aliyoifuata ni moja: uchafu mwingi iwezekanavyo uondoke kabla mkono haujagusa rangi. Alimwagia maji kuanzia paa kushuka chini, akakaza zaidi kwenye mikunjo ya bampa na nyuma ya matairi ambako mchanga hujificha. Kisha akachukua bomba la mkono la kunyunyizia dawa ya mimea, jipya, akanyunyizia maji ya shampuu gari zima, akasubiri dakika kadhaa uchafu ulainike, akasuuza tena. Mwenye mashine ya presha atafanya hivyo kwa urahisi zaidi, mradi asisogeze mdomo wake chini ya sentimita 30 kutoka kwenye rangi, na akwepe pale ambapo rangi imeshaanza kumenyuka.

Kinyesi cha kunguru alikishughulikia peke yake. Alikilaza chini ya kitambaa kilicholowa mpaka kikalainika, akakinyanyua. Kukikwangua kikiwa kikavu ni kukwaruza kwa makusudi. Kukiacha nako kuna gharama yake: mchana klia hupata joto na kulainika, usiku hupoa na kunywea, na kinyesi kilichokauka juu yake huacha alama ya umbo lake, mbali na asidi iliyomo. Kwa mji wenye kunguru wengi kama Dar es Salaam, hili ni jambo la siku hiyohiyo, si la kungoja Jumamosi.

Ndipo zikatoka ndoo mbili. Moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Glavu ikipita kwenye mlango inarudi kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, inasuguliwa kwenye wavu uliowekwa chini, inakamuliwa, ndipo inachovywa kwenye shampuu. Mchanga unazama na kubaki chini ya wavu, kama unavyobaki kwenye sufuria mchele ukipembuliwa kwa maji. Kwa ndoo moja, mchanga ulioutoa kwenye mlango wa kwanza unaupeleka kwenye wa pili, kisha kwenye boneti.

Glavu yenyewe ilikuwa ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu. Dodoki na sponji vina uso uliobana. Chembe ya mchanga ikinaswa hapo haina pa kwenda isipokuwa kati ya sponji na rangi. Nyuzi ndefu huimeza ikaingia ndani, mbali na klia. Mkono ulikwenda mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, ukianzia paa, vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango, na kumalizia chini kabisa karibu na matairi.

Mpwa wake aliyekuwa akimsaidia hakuridhika. "Mjomba, mbona hii haitoi povu kama sabuni ya unga?"

"Povu si hoja, bwana mdogo. Shika hapa. Umeona inavyoteleza?"

Jibu hilo ndilo kiini cha kazi yote. Shampuu ya gari hutengenezwa iteleze, ili chembe iliyosalia ielee badala ya kuburuzwa, na ukali wake huwa karibu na pH 7. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Ni ya alkali, na nta iliyo juu ya rangi kwake ni mafuta tu kama mengine. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo ina kasoro hiyohiyo.

Kwenye kusuuza kwa mwisho aliacha maji ya kisima, akatumia ya mvua aliyoyakinga kwenye simtanki. Maji ya mvua karibu hayana madini. Ya kisima yakikauka, maji yanaondoka na kalsiamu inabaki, ikiacha madoa meupe ya mviringo ambayo yakichomwa na jua mara kwa mara huila klia. Alitoa mdomo wa bomba ili maji yateremke kwa utandu mmoja badala ya kurusha matone, kisha akatandaza taulo la maikrofaiba juu ya boneti na kulivuta taratibu kwa ncha zake mbili. Madoa ya zamani kwenye kioo cha nyuma aliyatoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, akasuuza mara moja.

Gari likawa safi kwa macho. Akaingiza vidole kwenye mfuko mwembamba wa plastiki wa mkate, akavipitisha juu ya boneti. Plastiki hukuza hisia za vidole: bati lililoonekana laini lilikwaruza kama limemwagiwa chumvi ya unga. Hizo ni chembe za chuma, lami na utomvu zilizojishikiza kwenye klia, ambazo shampuu haiziwezi. Akachukua udongo maalumu wa kusafishia rangi, akaulainisha kwa maji ya shampuu, akausugua gari zima.

Hapa sikubaliani naye. Udongo huo hunasa chembe kwa kuburuzwa juu ya rangi, na kwenye rangi iliyokoza huacha ukungu mwepesi wa mikwaruzo ambao hutoka kwa polishi tu. Boneti, paa na sehemu za chini za milango ziliuhitaji. Sehemu za juu za milango, kwa mfuko uleule wa mkate, zilikuwa laini. Kipimo kilitoa jibu, naye akalipita. Angetumia udongo pale tu palipokwaruza, angepunguza msuguano.

Polishi aliiacha, na alifanya vyema. Polishi ni dawa ya kukata: huondoa mikwaruzo kwa kushusha klia yote mpaka kina cha mkwaruzo. Kila awamu ya kupiga mashine huondoka na mikroni moja au zaidi, na akiba yote ni kama 40. Anayepiga polishi kila baada ya miezi michache ili gari ling'ae anaimaliza klia kwa mikono yake.

Nta hufanya kinyume: huongeza tabaka badala ya kuipunguza. Aliyoitumia ni ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni miongoni mwa nta ngumu kuliko zote za mimea, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 hivi. Aliipaka nyembamba sana, kipande kwa kipande, akingoja ififie. Kidole kikipita na kuacha njia safi, imekuwa tayari kufutwa. Tabaka nene haiongezi kinga, huongeza kazi ya kufuta tu. Plastiki nyeusi za bampa alizikwepa, maana nta ikiingia kwenye vinyweleo vyake hubaki nyeupe.

Kwa jua na chumvi ya pwani, nta ya namna hii huhesabiwa kwa majuma, ikizidi sana miezi miwili. Sintetiki hudumu zaidi, na kinga za silika zinazoitwa seramiki hudumu zaidi ya hapo. Ila muuzaji akikwambia ugumu wake ni 9H, ujue hicho ni kipimo cha penseli: penseli ngumu ya 9H haikuikwaruza. Mchanga si penseli. Chini ya kitambaa kikavu seramiki nayo itakwaruzika.

Faida kubwa ya nta, kwa maoni yangu, haiko kwenye mng'ao. Kinyesi huila nta kabla ya klia, chumvi haigandi kwa urahisi, na safari ijayo vumbi litaondoka kwa maji kabla glavu haijagusa bati. Yaani nta hulipa siku ya kuosha. Ukiliosha gari kwa fulana kuukuu na sabuni ya unga, umeiondoa na kukwaruza kilichokuwa chini yake, na pesa yako imepotea mara mbili.

Alipomaliza alilizungusha gari mtaani akikanyaga breki taratibu, kukausha diski zisishike kutu usiku. Mwenye bajeti ndogo anayetaka kumfuata asianzie kwenye kopo la nta. Anunue kwanza ndoo ya pili, glavu ya maikrofaiba na chupa ya shampuu, na fulana kuukuu aihamishie kwenye kufuta kijiti cha oili.