Prosesa ya Mtumba kwa Kompyuta ya Gemu Iliyozeeka

Prosesa ya kuipa nguvu mpya kompyuta ya gemu iliyozeeka huchaguliwa kwa kuanza na bodi. Bodi ndiyo yenye soketi, ndiyo inayogawa umeme, na BIOS iliyomo ndani yake ndiyo inayoamua prosesa ipi itatambuliwa na ipi haitawasha hata kioo. Kila bodi ina kikomo chake, yaani prosesa bora ya mwisho inayoweza kuibeba. Ununuzi mzuri wa fedha kidogo, karibu mara zote, ni wa prosesa iliyotumika inayofika kwenye kikomo hicho au kukikaribia, huku bodi na RAM vikibaki vilevile. Bodi ikibadilishwa, aghalabu RAM nayo hubadilishwa, pengine na pawa saplai, na hesabu inakuwa ya kompyuta nyingine kabisa.

Kabla ya kutafuta kikomo, sharti ithibitike kwamba prosesa ndiyo inayokwamisha gemu. Kadi ya picha inayofanya kazi kwa asilimia 95 au zaidi wakati wa mchezo imefika mwisho wa uwezo wake, na prosesa mpya haitaiongezea kitu. Kadi inayoishia asilimia 60 huku mchezo ukikatakata inasubiri kazi kutoka kwa prosesa. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kushusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Asilimia ya matumizi ya prosesa yenyewe isiaminiwe peke yake. Gemu nyingi huutwika uzi mmoja wa kazi mzigo mkubwa kuliko nyuzi nyingine, hivyo prosesa ya kori 4 inaweza kuandika asilimia 50 na kori moja ikawa haina nafasi tena. RAM nayo ichunguzwe mapema. Mashine nyingi za mtumba huja na kijiti kimoja cha GB 8, na kijiti kimoja hutumia njia moja tu ya kumbukumbu. Kuongeza cha pili kinacholingana nacho hufungua njia ya pili, na mara nyingi hupunguza mikwamo kwa gharama ndogo kuliko prosesa yoyote.

Mikwamo hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha prosesa ya gemu. Wastani wa fremu 60 kwa sekunde una maana kwamba kila fremu hupewa takriban milisekunde 16.7. Fremu moja ikichukua milisekunde 50, jicho huiona papo hapo, hata kama wastani wa dakika nzima unapendeza. Prosesa ya zamani yenye kori 4 na nyuzi 4, kama Core i5-3470 au i5-6500, huweza kutoa wastani mzuri, kisha gari linapoingia mtaa wenye watu wengi mchezo unashikwa kwa muda mfupi. Core i7 ya kizazi hichohicho ina kori zilezile 4, lakini kila kori hubeba nyuzi mbili, na kashe yake, yaani kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ni MB 8 badala ya 6. Wastani huenda usipande sana. Kinachobadilika ni zile fremu mbovu, na mchezaji huhisi mabadiliko hayo kuliko namba yoyote iliyoandikwa pembeni mwa kioo. Anayepima kwa wastani peke yake atasema i7 haina faida, na atakuwa amepima kitu kisichohusika.

Wingi wa kori nao una mtego wake. Prosesa za seva zilizoondolewa kazini huuzwa rahisi pamoja na bodi zisizo na jina kubwa, na maelezo yake hutamanisha. Xeon E5-2680 v4, kwa mfano, ina kori 14 na nyuzi 28. Lakini kasi yake ya juu ni GHz 3.3, na hata hiyo ni pale kori chache tu zinapofanya kazi. Core i7-4790 yenye kori 4 hufika GHz 4.0. Kwa anayehariri video, kori 14 ni neema. Kwa gemu za kawaida, kori chache zenye kasi humpa mchezaji zaidi, na fedha iliyokwenda kwenye wingi huo ingefaa kununulia kadi ya picha.

Vikomo vyenyewe hutofautiana kwa soketi. Soketi ya LGA 1155, ya mwaka 2011 na 2012, imejaa kwenye kompyuta za ofisi zilizostaafishwa ng'ambo na kuuzwa upya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Kikomo chake cha kawaida ni Core i7-3770, lakini si kwa kila bodi. Dell OptiPlex 7010 huikubali. OptiPlex 790 na 990, zenye soketi ileile, huishia kizazi cha pili, kwa hiyo i7-2600 ndiyo mwisho wao. Pale kadi ya picha ipo tayari, Xeon E3-1230 v2 ni mbadala mzuri: kori 4, nyuzi 8, wati 69, ila haina picha ya ndani, na sharti bodi iwe inaitambua. Soketi hii ina upungufu ambao bei haiondoi. Prosesa zake hazina amri za AVX2, zilizoingia mwaka 2013 na kizazi cha nne, na baadhi ya gemu mpya hukataa kufunguka bila amri hizo. Kwa mwenye kucheza GTA V na mipira ya miaka iliyopita, i7-3770 bado ina heshima yake. Kwa anayetaka matoleo ya mwaka huu, hata bei ya kutupa ni ghali.

LGA 1150 huishia kwa i7-4790 kwenye bodi nyingi, nayo ina AVX2. Xeon E3-1231 v3 huikaribia sana. Desturi hiyo ya kukimbilia Xeon hukatika kwenye soketi inayofuata: Xeon E3 v5 huingia vizuri kwenye LGA 1151 lakini haifanyi kazi kwenye bodi za kawaida, kwa sababu inataka chipseti za C232 au C236. LGA 1151 yenyewe ni soketi mbili zenye jina moja. Bodi za kizazi cha sita na cha saba huishia i7-7700. Bodi za H310, B360 na wenzake hupokea kizazi cha nane na cha tisa, ambako i7-8700, yenye kori 6 na nyuzi 12, ni ununuzi wa maana. Prosesa ya kundi moja hukaa vizuri kwenye bodi ya kundi jingine, kifuniko hufungika, na kompyuta haiwaki. Mpaka huo unahusu pia Windows 11, ambayo kwa orodha rasmi huanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za nyuma yake. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 hudai mfumo wa usalama wa TPM 2.0, mchezaji wa mtandaoni hawezi kuupuuza.

Upande wa AMD, soketi ya AM4 ni bahati kubwa kwa mwenye mfuko mwepesi. Ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na mwaka 2022 AMD ilifungua njia ya Ryzen 5000 kutumika hata kwenye bodi za kwanza za A320, B350 na X370, mradi mtengenezaji wa bodi awe ametoa BIOS mpya. Kompyuta iliyonunuliwa na Ryzen 5 1600 inaweza leo kuchukua Ryzen 5 5600. Zote mbili zina kori 6 na nyuzi 12, na kwa maandishi zinafanana. Tofauti iko ndani: 1600 imegawa kashe yake ya MB 16 mafungu mawili ya MB 8, ilhali 5600 ina MB 32 zinazotumiwa kwa pamoja na kori zote sita. Gemu hupenda data iliyo karibu, na ndiyo maana prosesa hiyo ya wati 65 hubadilisha mashine nzima. Ryzen 5 5500 hufanana nayo kwa jina na huuzwa nafuu kidogo, lakini kashe yake ni MB 16 na njia yake ya kadi ni PCIe 3.0 badala ya 4.0. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, 5600 ndiyo ya kuchukua. Juu kabisa zipo 5700X3D na 5800X3D zenye kashe ya MB 96. Ni prosesa nzuri mno kwa gemu, ila wati 105 hazifai bodi hafifu ya A320, wala kadi ya picha ya daraja la chini haitazitendea haki. Kwa yoyote kati ya hizi, BIOS husasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani. Anayeitoa mapema hubaki na bodi isiyoijua prosesa mpya.

Baada ya kujua cha kutafuta, hufuata kukisoma kilicho mkononi. Kifuniko cha chuma cha Intel huchongwa jina, msimbo unaoanza na S, kasi ya msingi na nchi ilikokamilishiwa. Core i7-4790 hubeba SR1QF na 3.60GHZ. Msimbo ukipingana na jina, prosesa iachwe. Maandishi "INTEL CONFIDENTIAL" ni ya sampuli za majaribio, ambazo hazikukusudiwa kuuzwa na huweza kukataliwa na BIOS. Herufi ya mwisho ya jina ina uzito kuliko wauzaji wengi wanavyokiri. T ni ya kubana umeme: i7-6700 huanzia GHz 3.4 kwa wati 65, lakini i7-6700T huanzia 2.8 kwa wati 35, na muuzaji huziita zote "i7 ya kizazi cha sita". F haina picha ya ndani. K huruhusu kuongezwa kasi kupita ya kiwandani, jambo lisilo na faida kwenye bodi ya ofisi isiyoruhusu, kwa hiyo nyongeza ya bei ya K haina sababu hapo.

Kifuniko kilichosuguliwa hadi maandishi kufifia hutia shaka; chuma halisi huwa na rangi moja, na herufi hukaa kwa mstari ulionyooka. Mikwaruzo midogo ya kufuta pesti ya joto ni kawaida na haina madhara. Upande wa chini ndio wa kuangaliwa kwa subira, chini ya taa, kwa kuinamisha prosesa taratibu. Prosesa za Intel za umri huu zina vidoa bapa vya dhahabu. Doa la kahawia au jeusi ni alama ya kuungua, na vipande vidogo vya elektroniki vilivyopangwa katikati visipungue hata kimoja. Pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo soketi ya kompyuta inayosubiri prosesa ikaguliwe vilevile. Prosesa za AM4 zina pini zake zenyewe, 1,331, nazo hutazamwa kwa usawa wa jicho: safu zikionekana kama mistari iliyonyooka kutoka pande zote mbili, ziko salama. Pini iliyoinama kidogo hunyooshwa kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza. Iliyokatika hairudi. Nyingi huinama siku ya kutolewa, pale pesti iliyokauka inapoing'ang'ania prosesa na kipoza kikanyanyuliwa nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa. Fundi makini huiwasha mashine kwanza ipate joto, huizima na kuchomoa umeme, kisha huzungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Joto na umeme havina mengi. Kipoza kilichokuja na Core i3 aghalabu ni alumini tupu na hakitoshi kwa i7. Chenye kiini cha shaba au mirija ya kusafirisha joto hutosha. Kizazi cha tatu na cha nne cha Core i7 kina pesti hata chini ya kifuniko, tofauti na kizazi cha pili kilicholehemewa, hivyo prosesa iliyozeeka inaweza kuwa na joto jingi hata kipoza kikiwa safi. Pawa saplai ya wati 240 kwenye kasha dogo la ofisi huibeba i7 bila taabu, ila hubakiza kidogo kwa kadi ya picha.

Jaribio la mwisho hufanyika kabla fedha haijalipwa, au ndani ya siku za udhamini zilizokubaliwa. Kwanza BIOS ifunguliwe na RAM yote ionekane, kijiti kikiwekwa kila nafasi kwa zamu. Kidoa au pini iliyoharibika mara nyingi huua njia moja ya kumbukumbu, na prosesa ya namna hiyo huwaka vizuri ikawahadaa wengi. Programu ya CPU-Z ilinganishwe na maandishi ya kifuniko: jina, kori, nyuzi, kashe. Kisha programu ya majaribio ya Cinebench iendeshwe kwa dakika 10 huku ile ya HWiNFO ikionyesha joto na kasi. Joto likisimama chini ya nyuzijoto 85 na kasi isishuke, prosesa na kipoza vinaelewana. Likikaribia 100 na kasi ikaanza kuporomoka, pesti ibadilishwe na jaribio lirudiwe kabla ya kuilaumu prosesa. Kompyuta ikizima au kujianzisha upya yenyewe baada ya hapo, na pawa saplai nyingine ikatoa matokeo yaleyale, prosesa hurudishwa kwa muuzaji.