Shaba yetu inaonyesha nyumba ya nani?

Wandugu, wengi wetu tumeona Terminator 2, ile filme ya James Cameron ya mwaka 1991. Watu wanasifu bunduki na pikipiki. Mimi nataka tuangalie kitu kimoja tu: mwili wa T-1000, yule mutu wa metali inayoyeyuka. Zaidi ya miaka 30 imepita, kompyuta za leo ziko na nguvu mingi kuliko zile, lakini ile metali bado inatushika macho. Sababu gani?

Jibu langu ni hili: watu wa Industrial Light & Magic walielewa kama metali inayong'aa haina sura yake. Ukuta unaupaka rangi, inaisha. Kromu inarudisha tu kile kiko mbele yake. Iweke mahali pasipo kitu wala mwanga, itakuwa nyeusi. Kwa hiyo kazi kubwa si kuchora metali, ni kuchora mahali iko. T-1000 anapotoka ndani ya moto, kisha lori kulipuka, tunamwamini sababu mwili wake ni wa pale pale.

Njia yenyewe si ya jana. Mwaka 1976, James Blinn na Martin Newell walionyesha namna ya kuchukua picha ya mazingira na kuifunga kuzunguka kitu, halafu kila sehemu ya kile kitu inauliza: nikiwa hapa, ningeona nini? Filme Flight of the Navigator ya 1986 ilitumia njia hiyo kwa chombo chake cha angani. Iko na kasoro: peke yake, haiwezi kuonyesha mkono ndani ya kifua cha mwenye mkono. Lakini mutu anatembea mbele ya moto, nani atahesabu vidole? Mwaka 1998, Paul Debevec aliongeza jambo la maana: kupiga foto za mpira unaong'aa kama kioo, foto kadhaa, toka ya giza mpaka ya mwanga mukali, ili nguvu ya kweli ya taa na ya jua ihifadhiwe. Hapo mazingira hayaonekani tu, yanaangaza kitu.

Sasa tuje kwetu Lubumbashi, muji wa shaba. Vijana wetu wanachora misalaba ya shaba ya Katanga kwa kompyuta, kwa mabango na video. Niseme wazi: nyingi ni plastiki. Wanachukua rangi ya machungwa, wanaongeza doa jeupe la mwanga, basi. Plastiki njo inafanya vile: rangi chini, mng'ao mweupe juu. Shaba inapaka rangi yake ndani ya mng'ao wenyewe, sababu inarudisha mwanga mwekundu kuliko wa buluu. Taa nyeupe ndani ya shaba inarudi na wekundu. Ni pembeni kabisa, unapoitazama kwa ulalo, njo inakaribia weupe.

Lakini kuna kosa linaloniuma zaidi. Hata wale wanaojua hesabu hiyo wanateremusha mazingira ya bure toka intaneti. Angalia vizuri ndani ya ule musalaba: utaona madirisha makubwa ya studio ya Ulaya. Shaba ya kwetu, chumba cha wengine! Mtazamaji hataweza kueleza, lakini atasikia kama kile kitu ni mugeni.

Dawa haihitaji feza mingi. Mpira wa chuma unaong'aa, telefone, na saa sita mchana karibu na bomba ya moshi ya Gécamines. Vumbi nyekundu, mabati, nyaya za umeme, jua letu kali: vyote viingie. Na alama za vidole pia, sababu shaba iliyoshikwa na watu haing'ai sawasawa.

Nyinyi mnaofanya kazi hii, mnaonaje? Mwenye foto za namna hii, atuwekee hapa chini, tulinganishe.