Virusi Vilivyofuata Ratiba ya Zamu

Mlipuko wa UVIKO-19 katika makao ya wazee ya Life Care Center, mjini Kirkland katika jimbo la Washington, Marekani, umeandikwa mno kwa sababu ya vifo vyake. Lakini anayetaka kujua jinsi mlipuko wa namna hii unavyodhibitiwa atajifunza zaidi kwa jirani wa Kirkland: nyumba nyingine ya wazee katika kaunti hiyohiyo ya King County, ambayo watafiti hawakuitaja jina, ambako Machi 2020 takriban wazee wote walipimwa kwa mkupuo mmoja, wenye dalili na wasio nazo.

Kirkland kwanza, kwa kifupi. Mgonjwa wa mwanzo aligunduliwa tarehe 28 Februari. Kufikia 18 Machi, maambukizi yaliyothibitishwa kuhusiana na nyumba ile yalikuwa 167: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Wakazi 34 kati ya hao walikuwa wameshafariki. Nyumba 30 za wazee katika kaunti hiyo zilikuwa tayari na angalau mgonjwa mmoja. Wachunguzi waliopita humo waliandika sababu za maambukizi kuenea: wafanyakazi waliingia zamu wakiwa wanaumwa, baadhi walifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, vifaa kinga vilikuwa haba na hata vilipokuwepo si wote waliojua kuvivaa na kuvivua ipasavyo, vipimo havikutosha. Msimamizi yeyote aliyewahi kupitia msimu wa mafua angeweza kuiandika orodha hiyo kabla mtu hajaugua.

Na mafua ndiyo yaliyokuwa kielelezo cha kila mtu. Utaratibu wa mafua katika makao ya wazee ya Marekani ni mzuri na umezoeleka. Wazee wawili wakiugua ndani ya saa 72, na kipimo cha mmoja kikathibitisha, huo ni mlipuko. Kila mkazi ambaye hajaugua, awe amechanjwa au hajachanjwa, hupewa dawa ya oseltamivir kwa wiki mbili au zaidi, wagonjwa hutengwa, na shughuli za pamoja husimamishwa. Utaratibu huu una nguzo mbili, nazo ni dawa ya kinga na dalili zinazopiga kengele mapema. Machi 2020 dawa haikuwepo. Kuhusu kengele, hapo ndipo nyumba ile ya pili inapotufundisha.

Mfanyakazi wake mmoja, aliyeingia kazini tarehe 26 na 28 Februari akiwa na dalili, alipata majibu chanya tarehe 1 Machi. Katika siku zilizofuata wageni walizuiwa, shughuli za pamoja zikafutwa, na wahudumu wakaanza kuvaa vifaa kinga kwa wazee walioonyesha dalili. Kwa kipimo cha utaratibu wa mafua, walifanya walichopaswa kufanya. Tarehe 13 Machi wakapimwa wazee 76 kati ya 82 waliokuwemo. Wenye virusi wakawa 23, na katika hao, 10 tu ndio waliokuwa na dalili. Wale 13 wengine walikuwa wakihudumiwa kama watu wazima wa afya. Katika wiki moja, 10 kati yao wakaugua.

Wiki hiyo ilipoisha wakapimwa tena. Mizunguko yote miwili ilipojumlishwa, wazee 48 kati ya 76 walikuwa na maambukizi, na 27 kati ya hao hawakuwa na dalili siku waliyochukuliwa sampuli. Hapo bado mtu angeweza kubisha kwamba kipimo kinaokota mabaki ya virusi vilivyokufa. Maabara ilijibu: katika wazee 24 waliopimwa kabla dalili hazijatokea, virusi hai vilioteshwa kutoka kwa 17. Hivyo mzee aliyekuwa akinywa chai yake bila kukohoa alikuwa na uwezo wa kuambukiza, na mhudumu aliyetoka kumwogesha alikwenda chumba cha pili bila barakoa, kwa kuwa mwongozo ulimruhusu. Idadi ya walioambukizwa ndani ya nyumba iliongezeka maradufu kwa kila siku 3.4, ilhali katika kaunti kwa jumla ilichukua siku 5.5.

Hata hizo dalili zenyewe kwa mzee ni shahidi mbovu. Mwili mkongwe haupandishi homa kama wa kijana. Ndiyo maana wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza hukihesabu kipimo kimoja kinachozidi nyuzi 37.8 kuwa ni homa kwa mkazi wa makao ya wazee, au ongezeko la nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida. Kipimajoto cha mlangoni kilichosubiri nyuzi 38 kilikuwa kinasubiri mgeni asiyekuja. Mwenye ugonjwa wa kusahau, naye, hawezi kukueleza kwamba jana alianza kuumwa koo.

Majibu yakishatoka, kazi ngumu ni ya vitanda. Walioambukizwa huwekwa upande mmoja wenye wahudumu wake pekee. Wasioambukizwa hubaki upande mwingine. Anayesumbua vichwa ni yule aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, ambaye majibu yake ni hasi. Huwezi kumpeleka kwa wazima, maana huenda virusi bado vinapevuka ndani yake. Kwa wagonjwa ndiyo usiseme. Anahitaji chumba cha peke yake, na nyumba iliyojengwa kwa vyumba vya watu wawili au wanne haina chumba hicho. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliolinganisha nyumba za wazee walikuta vifo vingi zaidi katika zile zilizobanana. Hata msimamizi hodari hawezi kukigawa chumba kisichogawika.

Ratiba ya zamu, kwa upande wake, inaweza kubadilishwa, na hapa British Columbia iliwatangulia wengi. Mtu wa kwanza kufa kwa UVIKO-19 nchini Kanada, mapema Machi 2020, alikuwa mkazi wa Lynn Valley Care Centre, North Vancouver. Maofisa wa afya walipoona wahudumu wanazunguka kati ya nyumba na nyumba, Dk. Bonnie Henry, ofisa mkuu wa afya wa jimbo, alitoa amri mwishoni mwa mwezi huohuo kwamba mfanyakazi abaki kituo kimoja. Nadhani ustadi ulikuwa katika kile kilichoandamana na amri: serikali ilisawazisha mishahara. Mtu hashiki kazi mbili kwa kupenda usafiri. Anashika mbili kwa kuwa moja ni ya saa chache na malipo kiduchu. Ukimkataza ya pili bila kufidia, ama ataondoka ama atakuficha. Amri kama hiyo ilianza kutumika Ontario tarehe 22 Aprili, ikawaacha nje wafanyakazi wa mawakala, yaani watu ambao kazi yao ni kuhamahama.

Wasomaji wetu walioko Marekani wanalijua jambo hili la kushika kazi mbili bila kuhitaji utafiti. Wakenya wengi huko huanzia kazi ya usaidizi wa wauguzi, wale wanaoitwa CNA, na kuunganisha zamu ya nyumba moja na ya nyumba nyingine si jambo geni kwao: kuna kodi ya nyumba, kuna karo ya wadogo zao huku Kenya.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Nchini Ufaransa, wafanyakazi wa nyumba kadhaa za wazee walihamia kazini kwa hiari yao, wakalala humohumo. Watafiti walizifuatilia nyumba 17 za namna hiyo zenye wakazi 1,250: waliokufa kwa UVIKO-19 walikuwa 5, sawa na asilimia 0.4, huku kiwango cha makao ya wazee nchini kote kikiwa asilimia 1.8. Matokeo yanapendeza, lakini sioni jinsi ya kuufanya mpango huo kuwa utaratibu. Mwenye mtoto wa kunyonya hahamii kazini, na aliyejitolea mara moja hatajitolea kila wimbi linapopanda.

Kinachoweza kuwa utaratibu kilionekana Uingereza, katika uchunguzi wa Vivaldi uliohoji maelfu ya wasimamizi wa makao ya wazee. Nyumba zilizowalipa wahudumu wanapougua zilikuwa na maambukizi machache zaidi kwa wakazi. Zilizotegemea vibarua wa mawakala takriban kila siku zilikuwa na mengi zaidi. Kwa hiyo bajeti ya kudhibiti mlipuko inapopangwa, malipo ya siku za ugonjwa yanastahili kuandikwa kwenye safu moja na glovu na barakoa. Katika nyumba nyingi bado yanahesabiwa kuwa marupurupu ya wafanyakazi, na huwa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.